Mwaka wa Afya Safi

Habari ya msiba wa Mwalimu Luhende ilinikuta nasahihisha madaftari ya darasa la sita. Ilikuja kwenye lile kundi la simu tulilolianzisha sisi tuliosoma pamoja chuo cha ualimu, kundi ambalo siku zote halina la maana zaidi ya salamu za asubuhi na picha za maua. Safari hii ilikuwa mistari miwili: mwalimu wetu wa michezo amefariki, msiba uko nyumbani kwake Kambarage, maziko Jumamosi. Watu wakaanza kumwaga pole. Mmoja akaandika kwamba mzee alikuwa mkali lakini ana roho nzuri, ukiacha yale ya Milembe. Ukiacha yale ya Milembe! Niliweka kalamu nyekundu mezani nikakaa nayatazama hayo maneno mpaka watoto wakaanza kupiga kelele darasani. Jioni nikampigia Milembe mwenyewe. "Siendi," akasema kabla sijafika popote. "Mama Neema, unajua kabisa siendi." Nikambembeleza, nikamwambia mtu akishakufa tumwachie Mungu, maneno ya kiutu uzima tunayoyasema sote. Mwishoni akaguna, akasema, "Haya, nitakuja. Ila nakuja kwa ajili yako, si kwa ajili yake." Nikamshukuru. Mwanamke mzima mimi, nikathubutu kumshukuru.

Mwaka ninaousema, zaidi ya miaka ishirini iliyopita, tulikuwa mwaka wa pili, mimi na yeye chumba kimoja, nje kidogo ya mji wa Shinyanga. Chumba kilikuwa na vitanda vinne vya chuma vya kupandiana na dirisha moja lililokosa kioo, tukaliziba kwa gunia la pamba. Kilinuka mafuta ya kuchua na michembe, kwa sababu Milembe hakurudi likizo bila ndoo ya michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa vikaanikwa juani hadi vikawa vigumu kama vipande vya mbao. Tulikuwa tunavitafuna huku tumelala chali, tunasikiliza mabinti wa chumba cha pili wakitusengenya kupitia ukuta. Walisema wanamichezo tunapendelewa, tunapewa kikombe cha pili cha uji wa karanga. Milembe alikuwa anagonga ukuta kwa kisigino na kuwaambia, "Njooni mkimbie basi, uji upo!" Alikimbia mita elfu moja na mia tano, na wala hakuwa na mbio za kupendeza, alikimbia mabega yamepanda, mdomo wazi, ila hakuna aliyempita mzunguko wa mwisho. Mimi nilikimbia pia, nikimaliza wa tano au wa sita kila mara. Kwa kuwa nilikuwa na mwandiko mzuri, Mwalimu Luhende akanifanya katibu wa timu. Nilikipenda cheo hicho kupita kiasi.

Nataka nimtendee haki mwalimu hapa, kwa kuwa sikumtendea wakati ule. Kikao cha kwanza cha timu alisimama mbele yetu, saa yake ya kuhesabia muda akiwa ameifunga shingoni kwa kamba ya kiatu, akasema alipokuwa shule nyingine kijana wa pumu alimwangukia uwanjani, na pumu yenyewe alikuwa ameificha. "Sitaki tena kumkimbiza mtu nisiyemjua ndani," akasema. "Wote mtapima. Kifua, presha, damu. Asiyepima hakimbii." Wenzake walimcheka. Nilimsikia mwalimu wa hisabati akimtania barazani kwamba anataka kutengeneza timu ya malaika. Yeye hakujali. Alikwenda mwenyewe kuomba hospitali itupokee, akatupeleka kwa makundi, akasimama kwenye foleni nasi akiwa amevaa kofia yake ya pama. Katika mambo yote yaliyosemwa baadaye, hili la kwamba yeye ndiye aliyetaka tupimwe lilisahaulika upesi sana.

Majibu yalipokuwa tayari alibanwa na kikao, akanituma mimi. Muuguzi aliyenipokea alikuwa mama mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akauliza mwalimu yuko wapi. Nikasema ana kikao.

"Nilitaka aje mwenyewe. Kuna binti mmoja humu nataka nimweleze namna ya kumfanyisha mazoezi."

"Nitamwambia, mama."

"Usisahau, mwanangu. Mwambie aje kabla hajaanza kuwakimbiza."

"Sisahau, mama. Mimi ndiye katibu."

Na kweli sikusahau. Ningesahau ingekuwa afadhali. Nilirudi na bahasha kwapani, nikamkuta mwalimu ofisini amefungua daftari lake kubwa, lile alilolichora mistari kwa rula, jina upande huu, hali ya mwili upande ule, ili ajue nani wa kumpunguzia na nani wa kumkamua. Tukaanza: mimi nasoma, yeye anaandika. Presha, sawa. Kifua, sawa, isipokuwa wachache wenye pumu. Tulipofika kwenye damu akasimamisha kalamu. "Hizi AA, AA, ni nini?" Sikujua. Lakini chuo chetu kilikuwa kinaishi kwa vifupisho, kila tangazo ubaoni lilikuwa herufi tupu, na mimi nilijulikana kwa kuvifumbua. Sikutaka kusema sijui, mbele ya mtu aliyenipa ukatibu. Nikasema, "Afya Anayo, mwalimu." Akakubali kwa kichwa, akaandika. Karatasi zote zilikuwa AA, mpaka tulipofika kwenye ya Milembe. "Huyu ni AS," nikasoma. Akaniangalia. Nikasema bila hata kumeza mate, "Afya Safi." Mwalimu akacheka kwa furaha. "Nilijua tu! Huyu binti ana mapafu ya ng'ombe." Akapiga mstari chini ya jina lake. Sasa hapo, nimwambieje kwamba muuguzi anamwita? Akienda ataambiwa maana ya zile herufi, na itajulikana kuwa katibu wake alikuwa anabahatisha. Nikajiambia nitamwambia kesho. Kesho yake nikajiambia kwamba muuguzi akiona haji atatuma mtu.

Asubuhi iliyofuata mwalimu akaisoma orodha mbele ya timu nzima, na alipofika kwa Milembe akapaza sauti: "Afya Safi! Peke yake!" Ikawa jina. Bwaloni: Afya Safi, pisha foleni. Uwanjani: Afya Safi, kanyaga! Milembe alijifanya kuchukia, lakini nilimwona ameliandika kwa kalamu ya wino ndani ya ulimi wa raba zake. Mwalimu akamweka kundi la kwanza peke yake na wavulana. Wenye pumu aliwapumzisha kila mzunguko, akawasimamia wanywe maji. Milembe alikimbizwa mfululizo. Mara mbili alirudi chumbani analalamika miguu inakuwa mizito ghafla, si kuchoka kwa kawaida, akalala bila kula. Mara zote mbili nilimchua kwa mafuta na kumwambia ajikaze.

Mwezi wa tisa tulipelekwa kambi Geita kujiandaa na michezo ya vyuo vya kanda. Tulilala kwenye madarasa ya shule ya msingi, madawati yamesukumwa ukutani, magodoro chini. Kuzunguka shule kulikuwa na maduara ya wachimbaji wadogo, mashimo yao yamefunikwa kwa miti, na vumbi la karasha za kusaga mawe lilitua juu ya kila kitu, hata juu ya ugali. Mpishi wetu alikuwa Mama Shija, mwanamke mwembamba ambaye siku nyingine alikuwa akiwapikia wachimbaji hao hao. Tulikula nje, tumekalia ndoo zilizopinduliwa, dagaa wa Mwanza na ugali wa muhogo. Wachimbaji waliokuja kumalizia masufuria walikuwa wakibishana kwa sauti kubwa nani kaona mwamba na nani kaona uongo. Mama Shija hakuwa mcheshi. Nilimsikia mara moja akimwambia mchimbaji mmoja kwamba hawezi kulala kambini, mwanawe anaumwa, akibanwa na maumivu lazima amkimbize hospitali. Mchimbaji akauliza ni ugonjwa gani usioisha. Akajibu, "Wa damu," akaendelea kugeuza ugali.

Nyuma ya shule kulikuwa na kilima cha magwangala, mawe ya taka yaliyomwagwa na mgodi mmoja uliokwisha kufungwa. Siku ya nne mwalimu akasema leo tunapanda hicho. Mara kumi, juu na chini. Saa nne asubuhi jua lilikuwa limeshakuwa kali, na mawe yenyewe yalirudisha joto usoni. Wenye pumu walipewa mara nne na kivuli. Milembe alipewa kumi na mbili. Mara ya saba nilikuwa nyuma yake, nikamwona anayumba. Akasimama, akashika magoti. "Minza, miguu imekataa," akaniambia. Sauti ilikuwa yake ya kawaida, hata hakuwa anahema sana, na hilo ndilo lililonidanganya. Nikamwambia, "Jikaze, bado kidogo." Hayo ndiyo niliyomwambia. Akajikaza. Akapanda hatua labda ishirini, akakaa chini, kisha akalala ubavu juu ya mawe. Timu yote iliyokuwa chini ikadhani ni mzaha, ikaanza kupiga makofi na kuimba: "Afya Safi! Afya Safi!" Aliinua mkono mmoja kama anayetaka kuwanyamazisha, ukaanguka.

Mwalimu alipanda mbio, akavua kofia akamkinga jua. Akaniambia nimnyooshe miguu, ni misuli imekaza. Nikashika paja lake. Lilikuwa laini kabisa, hakuna msuli uliojikunja, na bado alilia kwa maumivu nilipomgusa. Tukamteremsha kwa mablanketi hadi jikoni kwenye kivuli. Mama Shija akaacha mwiko, akapiga magoti, akamtazama macho, akamtazama midomo.

"Mayu we! Huyu mtoto mmempima damu?"

"Tumempima," mwalimu akasema. "Ni mzima kuliko wote. Ni AS."

Mama Shija aliinua kichwa taratibu. "Rudia."

"AS. Afya Safi."

"Afya Safi?" Akajipiga kifuani. "AS ni mimi hapa! AS ni mume wangu! Ndiyo maana mwanangu kazaliwa na seli mundu. Huyu amebeba nusu, baba. Nusu yake ni ya ugonjwa. Sisi tunaobeba tunaishi vizuri tu, tunalima, tunabeba maji, lakini ukimkimbiza juani bila kumpumzisha, damu yake inageuka. Mimi nilifundishwa hivyo kliniki na mwanangu mgongoni. Wewe mwalimu hukufundishwa?"

Mwalimu Luhende aligeuka akanitazama. Nimewahi kutazamwa kwa hasira maishani, na kwa dharau pia. Ile haikuwa hivyo. Aliniangalia kama mtu anayeomba nimwambie kwamba amesikia vibaya. Nikainamisha uso. Halafu akaanza kukimbia, mzee wa miaka hamsini kasoro, kuelekea barabarani kutafuta gari, na tukapata pikapu ya wachimbaji. Mama Shija alipanda nyuma nasi, akamdondoshea Milembe maji mdomoni njia nzima. Hospitali ya Geita walimwekea dripu, na mkojo uliotoka ulikuwa na rangi ya soda ya koka. Jioni hiyo hiyo wakampeleka Mwanza. Figo zilikuwa zimegoma. Alisafishwa damu kwa mashine majuma mengi, na mara mbili tuliambiwa tujiandae.

Hakufa. Nashukuru Mungu, hakufa. Ila mwaka ule alipoteza masomo, figo hazikurudi kuwa zilivyokuwa, na hakukimbia tena hata kulikimbilia basi. Raba zake nilizifunga mimi kwenye mfuko, nikampa kaka yake aliyekuja kuchukua vitu chumbani.

Kabla Milembe hajatoka hospitali, mkuu wa chuo alimwita mwalimu ofisini. Mimi nilikuwa nimeketi kwenye benchi la nje na daftari la timu magotini, nimeambiwa nisubiri, huenda nikaitwa. Madirisha yalikuwa wazi kwa ajili ya joto. Nilisikia kila kitu. Mkuu aliuliza ni nani aliyemwambia kwamba AS ni Afya Safi. Akauliza tena, kwa ukali: "Luhende, nauliza, nani alikwambia?" Nikasimama. Ninaapa nilisimama, mkono ukashika kitasa. Ndipo nikasikia sauti yake, ya chini, imechoka: "Hakuna, mkuu. Nilisoma vibaya mwenyewe." Nikakaa. Sikuitwa. Alipotoka akanipita, akarudi hatua mbili, akachukua lile daftari magotini pangu. "Una miaka ishirini na mmoja, mwanangu," akasema. "Kafanye mtihani wako." Wiki hiyo akaondolewa kwenye michezo na kupelekwa shule ya msingi vijijini, huko nyuma ya Mwadui. Hakufundisha chuo tena. Jina likabaki: yule mwalimu aliyekaribia kumuua binti wa watu kwa kutojua kusoma herufi mbili.

Mimi nikafanya mtihani, nikafaulu, nikaajiriwa, na kwa mshangao wangu mwenyewe nikawa mwalimu wa michezo. Wanaonifahamu wanajua kwamba ni msumbufu. Daftari langu halina kifupisho hata kimoja. Pameandikwa "amebeba seli mundu" kwa maneno kamili, na mzazi ameelezwa, na mtoto mwenyewe ameelezwa kwamba kubeba si kuumwa na hakuna wa kumwondoa kwenye timu. Anakimbia. Ila anaanza taratibu, anapumzika kila mzunguko, anakunywa maji kabla hajasikia kiu, na siku ya jua kali tunaahirisha. Mtoto akisema miguu imekataa tunasimama wote, hata kama ni fainali, na neno jikaze kwangu limepigwa marufuku. Walimu wenzangu husema nina roho ya huruma. Nimewaacha waseme. Miaka yote hii nilijidanganya kwamba ninalipa, wakati yule niliyemkosea alikuwa anaishi safari ya nusu siku tu kutoka kwangu, na sikuwahi kwenda hata mara moja.

Jumamosi Milembe alikuja. Alivaa kitenge cheusi na kanga juu, amevimba miguu kidogo kama anavyovimba akisafiri. Tulirudi kutoka makaburini, tukapata nafasi kwenye mkeka nyuma ya nyumba, karibu na wanawake waliokuwa wakiosha sahani. Mchungaji alikuwa amesema makaburini kwamba marehemu alikuwa na doa moja katika utumishi wake, nani asiye nalo, na watu wakaitikia kwa kunong'ona. Nilimwona mkewe ameinamisha kichwa hapo. Chakula kiliponifikia nikakiweka chini, nikamwambia Milembe. Sikupanga maneno, niliyatapika, muuguzi, bahasha, AA, AS, kitasa cha mlango. Alikuwa na tonge mkononi. Akalirudisha kwenye sahani, akanawa.

"Alikuja kwangu mara mbili," akasema, bila kunitazama. "Ya kwanza alileta kuku. Nilimwacha amesimama juani, Minza. Sikumpa hata stuli. Ya pili hakuleta kitu, akasema, mwanangu nimekuja kukuomba msamaha. Nikafunga mlango. Nilimsikia amekaa pale nje kama nusu saa." Tangu tuzae, aliniita Mama Neema siku zote. "Kwa nini unaniambia leo? Mtu nimemwangalia anafukiwa, moyoni nasema bora."

"Nisamehe."

"Usiniombe mimi kwanza." Akasimama kwa shida, akanishika mkono wa juu, akanivuta. "Inuka. Twende kwa mama, ukamwambie hayo hayo."

"Milembe, watu wamejaa mle ndani."

"Hao hao walisikia la mchungaji."

Mke wa marehemu alikuwa sebuleni, amekaa kwenye godoro chini, ukuta mgongoni, wanawake wa ukoo wamemzunguka. Nikapiga magoti. Nikamwamkia shikamoo mama, nikataja jina langu na chuo, nikasema nilikuwa katibu wa timu mwaka ule. Nikasema ni mimi niliyesema Afya Safi. Nikasema ni mimi niliyezuia ujumbe wa hospitali. Nikasema mwalimu alijua, na alinificha mpaka anakufa. Yule mama akaniangalia usoni.

"Hata mimi nilimwambia," akasema. "Tukigombana, nilikuwa namwambia: wewe mzembe uliyemharibu mtoto wa watu. Hakunijibu hata siku moja."

Nikalia. Hakunigusa, na wala hakunifukuza. Alijifuta uso kwa pindo la kanga, kisha akamgeukia binti yake mkubwa aliyesimama mlangoni.

"Waite kaka zako. Mwite na mchungaji, na wale walimu walioko turubaini. Wote waje hapa." Akanigeukia mimi. "Utasema tena, tangu mwanzo."

Wakaingia wote, wengine wakabaki dirishani. Milembe akakaa chini kando yangu. Nikasema tena, tangu mwanzo.